Swali Linalorudi Redioni

Mheshimiwa mwenyekiti wa mkutano, wenzangu wa vituo vya redio, maafisa ugani na wahudumu wa afya, na ninyi wasikilizaji mliokubali kuacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi siku nzima: itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimekaa mbele ya kipaza sauti zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikiandaa vipindi vya wakulima. Nimeombwa nizungumzie namna redio inavyofikisha habari za maendeleo vijijini. Redio ina sifa nyingi na nitazigusa, ila nitaanza na kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa kuwa lilinifundisha kazi hii kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Mwaka wangu wa tatu kazini tuliandaa kipindi cha wadudu waharibifu. Tulimleta mtaalamu studio, akaeleza vizuri: mdudu anatambulikaje, anataga wapi mayai, dawa ipuliziwe saa ngapi. Akamalizia na kipimo: mililita 40 za dawa kwenye bomba la lita 16. Nikakirudia kipimo hicho mara mbili, polepole, kama tulivyofundishwa. Sauti ilikuwa safi, muziki uliingia pale ulipotakiwa, kipindi kikaenda hewani kwa wakati. Tulipongezana.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kijiji kimoja kwa shughuli nyingine kabisa. Bibi mmoja alinitambua kwa sauti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono asiuachie. Akaniuliza: "Mwanangu, ile mililita uliyoisema, ndiyo kifuniko kimoja au viwili?"

Sikuwa na jibu. Vifuniko vya chupa za dawa havilingani. Cha kampuni hii ni kikubwa, cha kampuni ile ni kidogo. Tukazunguka na bibi kwa majirani zake, na kila nyumba tuliyoingia ilikuwa na kipimo chake. Mmoja alipima kwa kifuniko. Mwingine aliongeza maradufu ili wadudu wafe upesi. Wa tatu alipima kwa kijiko cha jikoni, na kijiko kile kilikuwa kimerudishwa jikoni. Wote walikuwa wamesikiliza kipindi. Wote walinikariria jina la dawa na saa ya kupulizia bila kukosea hata neno.

Watu wale walifanya kila walichoweza kwa maneno niliyowapa. Kilichokosekana ni njia ya swali la bibi kunifikia jioni ile ile, nikalijibu hewani kesho yake, kabla dawa haijachanganywa. Tulirudi pale pale uani kwake na kinasa sauti. Tukarekodi majirani wakipima maji kwa sirinji isiyo na sindano waliyoinunua duka la pembejeo, na bibi akiuliza maswali yake mwenyewe. Tulisema wazi kwamba chombo kilichogusa dawa hakirudi jikoni kamwe. Tuliporusha kipindi hicho tulipata ujumbe mwingi kuliko kipindi chochote cha mwaka ule, na karibu kila ujumbe ulikuwa na swali.

Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja kulisema. Redio imebadilisha maisha ya kijiji pale ambapo swali la msikilizaji lilipata njia ya kurudi redioni. Palipokuwa na sauti ya kwenda tu, watu walisikia, wakafurahi, wakaendelea kama walivyokuwa.

Jambo hili halikugunduliwa na mimi. Mwaka 1941 shirika la utangazaji la Kanada, CBC, likishirikiana na chama cha elimu ya watu wazima na shirikisho la wakulima, lilianzisha baraza la wakulima la redio. Majira ya baridi, kila Jumatatu usiku, majirani walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao. Kijitabu cha mada kilikuwa kimekwishawafikia kwa posta. Walisoma, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha katibu akaandika maoni na maswali ya kikundi akayatuma, na baadaye yakasomwa hewani. Kaulimbiu yao ilikuwa Soma, Sikiliza, Jadili, Tenda. Baraza hilo lilidumu hadi mwaka 1965.

Mwaka 1956 UNESCO na redio ya taifa ya India walilijaribu wazo hilo katika vijiji 150 vya upande wa Pune. Vikundi vilisikiliza vipindi 20 katika wiki 10. Sehemu inayonigusa zaidi ni ulinganisho waliofanya watafiti: vijiji vyenye vikundi, vijiji vyenye redio bila kikundi, na vijiji visivyo na redio. Palipokuwa na kikundi maarifa yalipanda sana. Penye redio bila kikundi yalipanda kidogo tu. Kipindi kilikuwa kile kile, mawimbi yale yale; tofauti ilikuwa watu kukaa pamoja na kuulizana, na mmoja wao kuandika.

Na Afrika Mashariki ina mfano wake, ambao nasikitika kwamba vijana wengi wanaoingia utangazaji leo hawaujui. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walijiunga na vikundi vya kujifunza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kitabu chepesi kilichoandikwa kwa ajili ya watu waliotoka kujua kusoma karibuni. Wiki moja ilikuwa malaria, nyingine kichocho, nyingine minyoo, nyingine kuhara, nyingine kifua kikuu. Kipindi kilisikilizwa, kitabu kikasomwa, kikundi kikajadili, kisha kikaamua kitakachofanya kabla ya mkutano unaofuata: kufukia madimbwi, kufyeka vichaka karibu na nyumba, kuchimba choo. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu. Hakuna mtangazaji, hata awe na sauti tamu namna gani, anayeweza kumfanya mtu achimbe choo. Kinachomsukuma ni jirani aliyekaa naye wakasikiliza pamoja, ambaye wiki ijayo atamuuliza amefikia wapi.

Kwa nini basi mambo hayo hayakuendelea kila mahali? Kwa sababu yana gharama isiyoonekana kwenye bajeti ya kituo. Kurusha kipindi kunahitaji umeme, mtambo na mtu mmoja studio. Kikundi kinahitaji kiongozi wa kufundishwa, kitabu cha kuchapishwa, mtu wa kukitembelea na mtu wa kusoma barua zake. Fedha za mradi zikiisha, sehemu hiyo ndiyo hukatwa kwanza, na mtambo unabaki ukirusha. Kwa nje redio inaonekana bado ipo, nayo ipo kweli, ila mlango wa kurudia umeshafungwa.

Kuna sababu ya pili, nayo imo ndani ya chombo chenyewe. Redio za kwanza vijijini zilikuwa kubwa, ghali, zenye betri nzito. Moja ilihudumia watu wengi, kwa hiyo walisikiliza pamoja kwa kukosa njia nyingine. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista iliingia sokoni Marekani, na miaka iliyofuata chombo kikawa kidogo na rahisi. Kikaanza kuning'inia kwenye usukani wa baiskeli, kikaenda machungani, kikakaa kando ya mkulima akipalilia. Ilikuwa neema kubwa. Mtu asiyejua kusoma alipata habari bila kumwomba mwingine amsomee, na mikono yake ikaendelea na kazi. Lakini tangu siku ile usikilizaji ulianza kuwa wa mtu mmoja mmoja.

Simu imeusogeza mbali zaidi. Wengi wenu mna redio ya FM ndani ya simu, na mnajua kwamba bila waya wa masikioni haishiki stesheni, kwa sababu waya huo ndio antena. Tafakarini hilo kidogo. Mama amekaa na mume wake na watoto, kipindi kinazungumzia chanjo ya mtoto wao, na anayekisikia ni mmoja tu. Baadhi ya simu zinaweza kutoa sauti nje waya ukiwa umechomekwa, na nimeanza kuwaomba wasikilizaji hewani wafanye hivyo. Nasema: kama hupo peke yako, fungua spika. Ni sentensi fupi, na wapo walioniambia iliwafanya wagundue kwamba wanafamilia wana la kusema.

Naomba niseme na jambo la masafa, kwa kifupi, kwa kuwa wahandisi wako hapa wanaoweza kulieleza vizuri zaidi. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima ukikaa katikati, bonde la nyuma yake halipati kitu. Masafa ya kati hufuata uso wa ardhi na usiku hufika mbali zaidi, na masafa mafupi hudundishwa na tabaka la juu la anga yakavuka nchi nzima. Vituo vingi vimehamia FM kwa sababu sauti ni safi na mtambo ni nafuu. Sawa. Ila tusichore duara kwenye ramani tukasema wote waliomo ndani yake wanatusikia. Wanaoishi bondeni wamo ndani ya duara, na hawatusikii. Mara nyingi wao ndio walio mbali na barabara na zahanati.

Na anayesikia mawimbi si lazima awe anasikia kipindi. Kwa miaka kadhaa kipindi chetu cha kilimo kilirushwa saa 4 asubuhi. Saa hiyo ilipatikana kwa urahisi kwa sababu hakuna mfanyabiashara aliyeitaka, na hakuitaka kwa sababu wanaolima walikuwa shambani. Tulipouliza wanawake wa vijijini saa inayowafaa, walitaja usiku, vyombo vikishaoshwa. Kisha wakasema jambo ambalo hatukuwa tumeliuliza: usiku redio inakuwa mikononi mwa baba, na baba anatafuta mpira. Kikundi kimoja cha akina mama kikaomba turekodi kipindi ili wakisikilize siku ya mkutano wao, alasiri, kwa redio yao wenyewe. Tukawapa. Tangu hapo maswali yao yamekuwa ya kina kuliko ya mtu yeyote anayetuandikia, kwa sababu hufika yakiwa yameshabishaniwa.

Sasa nije kwenye habari yenyewe tunayoipeleka, maana hapa ndipo tunapokosea zaidi.

Kuna kisa kinachojulikana sana miongoni mwa watangazaji wa kilimo. George Atkins, mtangazaji wa mambo ya wakulima kutoka Kanada, alikuwa Zambia mwaka 1975 kwenye semina na watangazaji wa Afrika. Wakiwa safarini kwenye basi aliwauliza wanarusha nini. Mmoja akamweleza kipindi chake cha kutunza plagi za trekta. Atkins akataka kujua ni wangapi wenye matrekta miongoni mwa wasikilizaji. Walikuwa wachache mno. Wengi walilima kwa jembe la mkono au kwa ng'ombe. Kipindi kilirushwa hata hivyo, kwa kuwa maandishi yaliyokuwepo yalihusu matrekta. Atkins alirudi kwao, na mwaka 1979 akaanza kutuma maandishi ya vipindi yanayomfaa mkulima mdogo kwa watangazaji 34 katika nchi 26. Kazi hiyo inaendelea hadi leo kwa jina la Farm Radio International.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maandishi hata mazuri yakitoka mbali yanahitaji kulazwa kwanza kwenye kitanda cha msikilizaji. Nitawapa mfano mmoja nao nitaukalia kidogo, kwa kuwa unahusu mvua, na mvua haina mchezo.

Kabla ya msimu, mamlaka za hali ya hewa hutoa mwelekeo kwa mafungu matatu: uwezekano wa mvua juu ya wastani, wa mvua za wastani, na wa mvua chini ya wastani. Tuseme asilimia 45, 30 na 25. Mtangazaji mwenye haraka, nami nimekuwa mmoja wao, anasoma: "Msimu huu mvua zitakuwa nyingi." Mkulima anasikia ahadi. Ananunua mbegu inayokomaa kwa muda mrefu, anaipanda shamba zima. Mvua zinakatika katikati. Mwaka unaofuata anazima redio utabiri ukianza, na huwezi kumlaumu. Mtaalamu hakudanganya, 25 katika 100 si jambo dogo. Sisi ndio tuliozigeuza namba tatu kuwa neno moja.

Tulijaribu njia nyingine. Siku mbili kabla ya kipindi tuliwaomba wasikilizaji waweke tayari punje 20 za nafaka yoyote. Kipindi kilipoanza nikawaambia: kila punje ni msimu mmoja unaofanana na huu unaokuja. Tengeni punje 9 pembeni, hiyo ni misimu ya mvua nyingi. Tengeni 6, hiyo ni ya kawaida. Zilizobaki 5 ni misimu ya ukame. Zichanganyeni zote, fumbeni macho, okoteni moja. Mmeokota ya aina gani? Nikanyamaza sekunde chache. Redioni kimya kama hicho kinatisha, na mkuu wangu wa vipindi alinikodolea macho kupitia kioo. Kisha simu zikaanza. Mzee mmoja akasema, "Basi siwezi kuweka shamba langu lote juu ya punje moja. Nitaligawa." Mwingine akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Huo wastani ni wa wapi? Maana kwetu mlimani na kwao bondeni mvua si moja." Nikampeleka na swali lake kwa mtaalamu, na ikawa mada ya wiki iliyofuata. Mkulima aliyetuuliza wastani ni wa wapi alikuwa anafanya sayansi.

Kuna habari zisizoweza kungoja swali, na hizo lazima zitoke mara moja: mafuriko, kipindupindu, wadudu wanaovamia. Lakini hata hapo mwenye shamba huwa anaona kabla yetu. Viwavijeshi vamizi viliporipotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, vilikuwa vigeni kwa wakulima na kwa maafisa ugani pia. Redio haina picha. Ikabidi tumchore mdudu kwa maneno: kichwani ana alama ya herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia ana vidoa vinne vyeusi vilivyokaa kama pembe za mraba. Mtu anaweza kuyashika maneno hayo na kwenda nayo shambani. Waliompata walipiga simu, tukaandika mahali na tarehe, tukampa afisa ugani. Kwa siku kadhaa orodha ile ya simu ndiyo ilikuwa ramani pekee aliyokuwa nayo. Na swali lililorudi mara nyingi kuliko yote lilikuwa hili: mbona nimepulizia na hawafi? Jibu lilikuwa kwamba funza akishakua hujificha ndani kabisa ya moyo wa mmea, dawa haimfikii. Shamba likaguliwe mapema, akiwa bado mdogo. Lile jibu tuliliweka mwanzoni mwa kila tangazo lililofuata.

Michezo ya redio nayo naipenda, ingawa wataalamu wengine huiona ya kupitisha wakati. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka 2 ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa, ili watafiti walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi pale uliposikika, na wasikilizaji walieleza kwamba walizungumza na wenzi wao kwa sababu yake. Mume na mke wakiulizana usiku juu ya mhusika wa mchezo, swali limepata njia hata kama halikufika studio.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu. Vituo vyetu ni maskini, na saa ya kilimo inauzwa. Kampuni ya mbegu au ya dawa inainunua, inaleta "mtaalamu" wake, na mtaalamu huyo ni mfanyakazi wa mauzo. Sisemi anachokisema ni uongo. Mara nyingi ni kweli nusu. Atakwambia mbegu hii inazaa vizuri, hatakwambia inazaa vizuri ikipata mbolea kiasi gani. Msikilizaji wetu hana namna ya kujua kwamba sauti ile imelipiwa, kwa sababu inatoka kwenye saa ile ile, kwa mtangazaji yule yule aliyemwamini miaka yote. Nimefanya kazi mahali ambapo nilikatazwa kupokea simu wakati wa kipindi kilichodhaminiwa. Nilikubali kwa miezi mingi, na nilikosea kukubali. Ombi langu kwa wenye vituo ni dogo: tangazeni mwanzoni na mwishoni nani amelipa, na kwenye mkataba andikeni kwamba laini ya simu inabaki wazi. Mdhamini anayeogopa maswali ya wakulima ameshatupa habari muhimu kuhusu bidhaa yake.

Wapo wanaohofu kuwafungulia watu kipaza sauti. Wananitajia Rwanda, na wana haki ya kuogopa. Redio ya RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilichochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na baadhi ya waasisi wake walihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Lakini chuki ile ilitoka studio. Waliokuwa na kipaza sauti kazini ndio waliotaja majina ya watu wa kuuawa. Funzo ninalolichukua mimi ni juu ya nguvu tuliyonayo sisi tunaokaa ndani ya kioo, na kwa sababu hiyo sikubali mkulima ndiye afungiwe. Mtangazaji afundishwe kukata simu ya matusi, kupinga uvumi papo hapo, na kusema "hilo sina uhakika nalo, nitauliza" bila kuona haya.

Nimalizie na namna tunavyofanya, kwa wanaotaka kuanza. Hatukuwa na fedha, tulikuwa na daftari. Msikilizaji anabip, sisi tunampigia. Jina la kijiji, swali kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, na safu ya mwisho: limejibiwa lini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotubadilisha, kwa kuwa ilitutia aibu. Kila Ijumaa tunasoma hewani maswali ambayo bado hayajajibiwa, pamoja na ofisi tuliyoiuliza.

Baada ya mwaka mmoja tuliketi tukalisoma daftari lote. Tulidhani watu wanatuuliza namna ya kupanda. Kurasa kwa kurasa walikuwa wanauliza mbegu inapatikana wapi, kwa nini imechelewa, kwa nini ghala lililotangazwa limefungwa, daktari wa mifugo anakuja lini. Elimu ya kupanda walikuwa nayo, nyingine tangu kwa bibi zao. Tulikuwa tukiwafundisha kila wiki jambo wanalolijua, huku wanalolikosa likiwa mikononi mwa watu tusiowaalika studio. Tukaanza kuwaalika hao. Wa kwanza alikataa. Wa pili alikuja na karatasi ya hotuba. Tukamwomba aiweke mezani asikilize simu tatu. Mbegu ya msimu uliofuata ilifika wiki mbili kabla ya mvua. Sidai ni redio peke yake iliyoileta. Najua tu kwamba swali lake lilikuwa limesomwa Ijumaa saba mfululizo.

Kuuliza si ujinga, wazee walisema, na kwa miaka mingi tumewaendesha wasikilizaji wetu kama vile ni ujinga.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimebakiwa na dakika kumi, na naomba nisizitumie mimi. Tangu asubuhi daftari limekuwa likizunguka kwa wasikilizaji waliokaa nyuma ya ukumbi, nao wameandika maswali 31. La kwanza linasema hivi: "Kwa nini kipindi cha mifugo kimehamishiwa saa 6 mchana, wakati wachungaji tuko mbugani na betri tunazibana mpaka usiku?" Wakuu wa vipindi mko safu ya mbele. Kipaza sauti hiki hapa, naomba mmoja wenu asimame alijibu, na mama aliyeliandika abaki amesimama mpaka aridhike.